Naamshwa usiku niongee na mapepo ya wenzangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 16, niko kidato cha tatu kwenye shule ya wasichana ya bweni mkoani Tanga. Naomba usitaje jina langu wala la shule. Kwetu ni Pangani, ila bibi mzaa mama ni Mpemba, na ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo.

Tangu utotoni naona watu ambao wengine hawawaoni. Zamani ilikuwa usiku tu. Nazinduka, macho yako wazi, naliona bweni lote, naziona mpaka kandambili za mwenzangu chini ya kitanda cha pili, lakini siwezi kusogeza hata kidole. Miguuni pangu amesimama mwanamke aliyejitanda shuka jeupe. Hasemi kitu. Kifua kinakuwa kizito, pumzi inakata. Akishapotea ndipo napata kuvuta hewa, nimelowa jasho.

Mwaka huu imeanza na mchana. Kwanza nasikia harufu ya udi, hata nikiwa maabara au kwenye foleni ya uji ambako hakuna aliyefukiza. Tumbo linapanda mpaka kooni, halafu namwona mtu amesimama karibu na tangi la maji. Rafiki yangu anasema nyakati hizo natazama sehemu moja, natafunatafuna midomo, na nikiitwa siitiki. Mimi hayo ya midomo siyakumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nikirudi najikuta nauliza mwalimu amefika wapi.

Mambo yalikuwa makubwa wasichana walipoanza kuanguka. Mmoja alipiga kelele saa ya prepo, akafuata wa jirani yake, mara dawati zima. Bibi yangu ni kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo, naye pepo wake ni ruhani, kwa hiyo nimekua nikiona chano, yaani sinia la vitu vya pepo, marashi ya mawaridi na jinsi fundi, mganga wa pepo, anavyomhoji pepo. Nikajikuta nimemshika mwenzangu kichwa namuuliza, "Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?" Akajibu kwa sauti nzito, akataja jina, akaomba marashi. Nikampaka, akatulia. Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Mkuu wa bweni ananiamsha saa nane usiku. Hata matroni, ambaye ni mlokole na huwa anawaombea, akichoka husema, "Niitieni yule wa Pangani."

Wiki iliyopita mmoja aliyepandisha aliniuma mkono, damu ikatoka. Halafu dada wa kidato cha nne wakasema mapepo yanatoka kwenye mbuyu ulio nyuma ya vyoo vya zamani, kwa hiyo niende nikayakabili hukohuko. Nilienda usiku na wenzangu wawili, tukiwa na tochi, chumvi na Yasini. Yule mwanamke wa shuka jeupe alikuwa pale. Nikamwambia aondoke kwetu. Hakuondoka.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Pepo mmoja alipoulizwa nani kamtuma, alijibu "mpishi." Mama anayetupikia ni mtu mzima sana, macho yake mekundu. Sasa wasichana hawataki ugali wake, na wanasema siku ya kikao cha wazazi watamtaja. Wanataka mimi nithibitishe kwa sababu mimi naona. Sijaona chochote kwake. Nikisema hivyo wanasema naogopa au nimehongwa.

Nyumbani nako kuna vuta nikuvute. Bibi anasema ruhani wake amenichagua, likizo ya Desemba nichezewe ngoma ya pepo. Fundi ametaja shilingi laki sita pamoja na mbuzi. Baba anasema hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, yeye amepata ustadhi atakayenisomea mpaka jini litoke, na kama ni mbishi litachapwa. Mama kaninong'oneza twende hospitali, baba akasikia, akasema hospitali hiyo ni ya wendawazimu.

Nikiacha, mwenzangu akafa, damu yake si itakuwa juu yangu? Nimfuate nani kati ya hawa? Je, mimi nina wazimu? Na mzazi mmoja alinipa shilingi elfu ishirini baada ya mwanawe kutulia, wengine hunipa sukari na sabuni. Nirudishe?

Mwenye Macho, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya mengine yote, mkono wako. Kuumwa na binadamu si jambo dogo, mdomo una vijidudu vingi na jeraha hilo huoza upesi. Nenda zahanati wiki hii, usingoje likizo. Waambie umeumwa na mtu, damu ilitoka, na ilikuwa lini. Watakusafisha, wataangalia kama unahitaji chanjo ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha, na watazungumza nawe kuhusu homa ya ini na kipimo cha VVU. Dawa ya kinga ya VVU huanzishwa ndani ya saa 72 tangu tukio, kwa hiyo kwako muda huo umepita, lakini hatari kwa kung'atwa ni ndogo na kipimo kitakuondolea wasiwasi. Likitokea tena kwako au kwa mwenzako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha zahanati siku hiyohiyo.

Sasa tukae kitako. Nikisoma barua yako naona mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja, na watu wote wanaokuzunguka wanalibeba kama lilivyo. La kwanza ni unachokiona. La pili ni kazi uliyopewa kwa sababu unaona. La tatu ni yule mama mpishi. Umeniuliza umfuate nani, na mimi nadhani swali hilo linakuwa gumu kwa sababu kila mmoja anajibu la kwanza, ilhali yanayokuumiza leo ni la pili na la tatu. Hayo mawili unaweza kuyashughulikia hata kabla hatujajua yule mwanamke wa shuka jeupe ni nani.

Tuanze na unachokiona. Sitakuambia ni pepo wala sitakuambia si pepo. Ila umeeleza vitu viwili tofauti, na wewe umeviweka pamoja kwa sababu anayeonekana ni yuleyule.

Cha usiku, watu wa Pwani tunakijua kwa jina la jinamizi. Mtu anapoota, ubongo huufunga mwili usije ukarusha ngumi kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli hilo kufunguka. Macho yanaona bweni la kweli, na kandambili unazoziona ni za kweli, lakini ndoto bado inaendelea juu yake. Jinamizi hudumu sekunde hadi dakika chache, na haliui. Kifua kinaelemewa kwa sababu misuli ya mbavu nayo imelala. Kazi ya kupumua inafanywa na kiwambo peke yake, na ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu unaona haiji. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2011 ulikuta limewahi kuwapata watu wapatao 8 katika kila 100, na kwa wanafunzi wapatao 28. Sababu ya wanafunzi kuzidi si fumbo: kulala kwa vipande, kulala chali, msongo wa mitihani. Na wewe unaamshwa saa nane. Yaani kazi yenyewe ya kupambana na mapepo inatosha kumleta yule mwanamke.

Kwa hiyo lala ubavu, weka nguo iliyokunjwa mgongoni isikuruhusu kugeuka chali, na upange saa moja ya kulala isiyobadilika. Likikukamata, usipigane na mwili mzima. Tikisa kidole kimoja cha mguu au ulimi, na utoe pumzi polepole. Kama una dhikri, iseme moyoni. Mwombe wa kitanda cha jirani akikusikia unaguna akuguse bega na kukuita jina. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha kulikata.

Cha mchana ni kingine, na hapo nakuomba unisikilize vizuri. Harufu isiyo na chanzo, tumbo kupanda mpaka kooni, kukodolea macho sehemu moja, kutafuna midomo bila kujua, kisha kurudi na kukuta kipande cha somo kimepotea. Mpangilio huo, kwa mfuatano huo, daktari yeyote wa mishipa ya fahamu angetaka kuusikia, maana ndivyo inavyojionyesha aina moja ya kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo, karibu na masikio. Wengi wanadhani kifafa lazima uanguke na kutoa povu. Aina hii mtu haanguki. Anazubaa nusu dakika hadi dakika mbili, na anaweza kunusa, kuona au kuhisi kitu ambacho wengine hawakihisi. Huenda sicho. Lakini kama ndicho, kina dawa, na kila kinaporudi bila dawa kinaweza kukukuta juu ya ngazi, kisimani au mbele ya jiko la mafuta. Mpaka upimwe, usiende kuteka maji peke yako na usioge baharini.

Umeuliza kama una wazimu. Barua yako imepangika, unajua nini kilianza na nini kilifuata, na unajali asije akaumia mtu asiye na hatia. Hiyo haitoshi kumfanya daktari aseme lolote, lakini inatosha kwako kuacha kuliogopa neno hilo usiku. Yapo ambayo yangenitia wasiwasi zaidi: sauti zinazokuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, kuhisi kila mtu anakupangia njama, kuacha kula na kuoga, kukosa usingizi siku kadhaa bila kuchoka. Kama lolote kati ya hayo lipo na hukuliandika, liseme kwa mtu mzima leo.

Kumsaidia daktari, anza daftari. Kila tukio mstari mmoja: tarehe na saa, ulikuwa umelala au macho, ulikula nini na saa ngapi, uko siku za hedhi au hapana, harufu ilikuja kabla au baadaye, nani alikuwepo. Rafiki yako aandike yeye alichokiona, wewe usimsahihishe. Ushuhuda wake una thamani kuliko wako kwa sababu wewe wakati huo haupo. Akiweza kuhesabu sekunde kwa saa, bora zaidi. Wiki tatu au nne zinatosha. Mkifika hospitali ya mkoa msiseme "anaona mizimu," maana mtapelekwa njia isiyo yenu. Semeni "anapoteza fahamu kwa muda mfupi bila kuanguka, hutanguliwa na harufu," kisha muonyeshe daftari. Wanaweza kuwapa rufaa ya kipimo cha umeme wa ubongo. Hakiumi, wanabandika vishikio kichwani na kusoma mawimbi. Fumua nywele na uzioshe bila kupaka mafuta siku hiyo, vishikio havishiki kwenye mafuta wala juu ya rasta. Wakikuambia uje bila kulala vizuri, ni kwa makusudi. Na kipimo kikitoka safi hakifuti kila kitu, kwa sababu kinanasa dakika hizo tu. Ndiyo maana daftari linabaki kuwa muhimu. Mkiandikiwa dawa, mama aulize kama inamfaa msichana atakayezaa siku za usoni. Ipo iitwayo sodiamu valproeti ambayo huepukwa kwa wasichana, isipokuwa nyingine zikishindwa. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafla kwa sababu ngoma imechezwa au kisomo kimekamilika. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Baba anasema hospitali hiyo ni ya wendawazimu. Mwambie, kwa adabu, kwamba unaomba kupimwa kichwa kama mtu anavyopimwa macho. Mama anaweza kuanza na lile jeraha la mkono. Hakuna mzazi atakayekataa zahanati kwa jeraha, na mkiwa mbele ya mganga wa zahanati mnaweza kuongeza hilo la pili.

Nije kwenye kazi yako. Unaamini wenzako wanatulia kwa sababu unajua kuwahoji mapepo. Inawezekana. Lakini tazama kwa karibu msichana anapoanguka prepo. Kwanza anahema haraka, juujuu. Akihema hivyo dakika kadhaa, hewa chafu ambayo damu inaihitaji kwa kiasi fulani inapungua mno, na hapo midomo inakufa ganzi, vidole vinajikunja ndani, kichwa kinazunguka. Anahisi mwili si wake tena. Anayemtazama, ambaye naye hajala tangu saa saba na ana mtihani kesho, anaanza kuhema. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia tarehe 30 Januari. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi walikuwa wamepatwa 95 kati ya 159, na hakuna mwalimu aliyepatwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Wasichana wale hawakuwa wanaigiza, na wa kwenu pia sidhani kama wanaigiza. Mwili unateseka kweli.

Sasa fikiri wewe unafanya nini ukifika. Unamshika kichwa, unamsemesha kwa sauti ya utulivu, unamuuliza anataka nini, unampaka kitu cha baridi chenye harufu nzuri. Yawezekana sehemu kubwa ya tiba iko hapo, na hiyo inaweza kufanywa na yeyote. Na ile sehemu nyingine, ya kuuliza jina na kumtaka aseme katumwa na nani, yawezekana ndiyo inayowafanya wanaotazama waanguke kesho yake, kwa kuwa sasa kuna jina na kuna hadithi.

Tena kwa kanuni za bibi yako mwenyewe hapa kuna kasoro, muulize. Kwenye ngoma za Pwani anayemhoji pepo ni fundi aliyepitishwa na wakubwa wake, akiwa na kundi lake, kwa muda uliopangwa na kwa idhini ya wenye mgonjwa. Kiti huwa na pepo wake. Hapewi tochi na chumvi akatoe mapepo ya watu mbuyuni usiku wa manane. Sidhani kama bibi anajua kwamba unafanya hivyo. Mbuyuni usirudi, na sina haja ya kuzungumza habari za majini kulisema hilo. Nyuma ya vyoo vya zamani kuna mashimo, kuna nyoka, na kuna wanaume wanaojua kwamba wasichana watatu hutoka bwenini usiku bila mlinzi kuambiwa.

Je, ukiacha, mtu akafa? Nimeona hili ndilo linalokukalia. Basi waachie kitu cha kufanya, usiondoke mikono mitupu. Waambie wenzako: "Mimi siongei na pepo tena. Akianguka mtu fanyeni hivi." Wote watoke isipokuwa wawili. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, kola ilegezwe. Asitiwe kitu mdomoni, si kijiko, si kitambaa, si maji. Asishikwe kwa nguvu, ndipo watu wanapoumwa. Kama anahema haraka, mmoja ahesabu naye kwa sauti, kuvuta nne, kutoa sita. Mfuko wa plastiki usoni hapana. Akishatulia apewe uji wenye sukari. Na gari liitwe saa hiyohiyo kama ametikisika mwili mzima zaidi ya dakika tano, kama inarudi kabla hajapata fahamu, kama ana homa na anaweweseka, kama amegonga kichwa, au ni mjamzito. Homa na kuweweseka inaweza kuwa malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, na hapo kila saa ina hesabu. Nakuambia ukweli wa hofu yangu: anayeweza kufa bwenini kwenu ni msichana mwenye malaria kali ambaye wenzake wanamngoja "yule wa Pangani" aje kumhoji. Kutokuitwa kwako kunaweza kumwahisha.

Kukataa kuna gharama, nisikufiche. Watakuita mwoga. Utapoteza ule ukubwa wa kuamshwa kwa heshima na dada wa kidato cha nne, na si dhambi kukiri kwamba ulikuwa mtamu. Anayepaswa kubeba hili ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, matroni na mkuu wa shule. Matroni kuchoka si sababu ya mtoto wa miaka 16 kuwa zamu ya usiku.

Sasa mama mpishi. Hapa sitazunguka. Usimtaje, usithibitishe, na usinyamaze kwa namna itakayoeleweka kuwa ni ndiyo. Macho ya mtu aliyepika kwa kuni miaka mingi huwa mekundu kwa moshi. Kule Kanda ya Ziwa, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga kwa ushahidi wa macho mekundu, na macho yale yalitoka jikoni. Unguja mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuwashambulia watu usiku, mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliodhani ndiye. Si mambo ya mbali na kikao cha wazazi waliojaa hasira. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa kwa sheria ya Tanzania, hata kama aliyemtaja ni pepo.

Na angalia, hakuna hata mmoja katika wakubwa wako ambaye dini au mila yake inakubali ushahidi huo. Baba anaijua hadithi ya Abu Huraira na shetani aliyemfundisha Ayatul Kursi. Mtume alimwambia Abu Huraira kwamba shetani yule amekuambia kweli ilhali ni mwongo mkubwa. Biblia ya matroni, Yohana 8:44, inamwita Ibilisi baba wa uongo. Bibi atakuambia kwamba pepo hudanganya jina lake mpaka abanwe. Ukibanwa na wenzako, sema sentensi moja na usiiongeze: "Sijaona kitu kwa mama huyu, na pepo si shahidi." Kisha mfikishie mkuu wa shule kabla ya kikao, kwa barua ukipenda, kwamba kuna mpango wa kumtaja mpishi. Mama huyo ana haki ya kulindwa mapema. Ukiona shule haishituki, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi hela.

Nyumbani. Ngoma ya bibi si tusi, na sitaki uione hivyo. Wengi waliochezewa walipata watu wa kukaa nao na jina la kuyaita maumivu yao. Lakini fahamu unachotia saini. Mara nyingi ngoma hizo hazimfukuzi pepo, zinafunga naye mapatano. Kuna nguo za rangi yake, vyakula vya mwiko, chano cha kurudiwa, na ngoma nyingine akidai. Viti wengi ni wanawake watu wazima waliokwisha kuwa na nyumba zao. Wewe una mtihani wa kidato cha nne mwakani. Unaweza kumwomba bibi muda bila kumkataa: "Bibi, kama amenichagua, ataningoja nimalize shule." Ikibidi, mama aweke masharti. Fundi aulizwe kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili, usiachwe faraghani na mwanamume yeyote, ufukizo usifanywe chumba kilichofungwa kwa kuwa hewa ya sumu ya makaa ya moto inaua bila harufu, na usinywe dawa usiyoambiwa ni ya nini.

Kisomo cha baba nacho kina masharti. Kusomewa Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nasi hakumdhuru mtu, na kwa wengi huleta usingizi wa amani. Kombe la zafarani na marashi, yaani aya zilizoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, vivyo hivyo, likiwa safi. Fimbo ndiyo haina nafasi. Anayechapwa ni ngozi yako, jini liwepo au lisiwepo, na ukatili kwa mtoto umekatazwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Jaribu kumwomba baba akusomee yeye mwenyewe, magharibi, kichwa chako kikiwa mapajani mwake. Huenda akashangaa kwamba hakuna aliyemwambia anaweza. Unaona sasa kwamba hospitali haishindani na hawa wawili? Mtu anaweza kusomewa jioni na asubuhi akaenda kupimwa. Kinachoshindana ni nani atangulie, na hilo mtalipanga nyinyi. Mimi ningetamani tu lile la mchana lisingoje Desemba.

Tafuta mtu mzima mmoja wa kukusindikiza. Kwa nilivyosoma, mama yako ndiye aliyekwisha kunong'ona. Mpe barua hii aisome kama kusema kunakuwa kugumu.

Kuhusu zawadi. Sabuni umeshafulia na sukari umeshakunywa, usihangaike nazo, ila kuanzia sasa ukiletewa sema asante na urudishe hapohapo. Ile elfu ishirini ni jambo jingine, kwa sababu mzazi yule akiamini amelipa, mwanawe akianguka tena atakuja kudai kazi yake. Mkabidhi mama yako, airudishe yeye, mtu mzima kwa mtu mzima, na amwambie yule mzazi ampeleke binti yake akapimwe damu na malaria. Kama umeshaitumia, mwambie mama kiasi kilichobaki. Msipange kuilipa kwa kumtibu tena.